Mtani Hakuamini Picha ya Moyo Wake

Nimeona mengi kwenye picha, wanangu. Nimeona sindano iliyovunjikia kwenye kalio la mtu mzima aliyeapa kwamba hajawahi kuchomwa sindano. Nimeona sarafu kooni kwa mtoto, na risasi ya zamani begani kwa babu ambaye mwenyewe alishaisahau. Vyote hivyo nilivitazama nimesimama. Kilichonikalisha chini, tena kwa kishindo, ni moyo wa mtani wangu Kibwana.

Ninyi mnaoanza kazi ya mionzi hapa Morogoro mmenikuta nikifungasha. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Haya, nayaandika, lakini msitegemee nianze na siku niliyoajiriwa na cheo nilichopewa. Naanza na Kibwana, kwa sababu ndiye aliyenivuruga kichwa na mpaka leo hajamaliza kunivuruga.

Kibwana ni Mluguru wa milimani. Nyumba yake iko Bigwa, na shamba lake la ndizi na mdalasini liko juu huko, mahali ambapo pikipiki inafika inalia. Mwembamba, hana kitambi, sigara hajawahi kuishika. Kwenye klabu yao ya kukimbia ya Jumamosi ndiye anayeongoza nyimbo, na vijana wa umri wenu wanamfuata nyuma ndimi nje. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, naitwa Kulwa, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakipita hapa wamebeba mizigo ya watu kwenda pwani. Kwa hiyo yeye ananiita mpagazi wake. Mimi namwambia Waluguru wote wana mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi kwa kutembea mtelemko, na wakija kwenye tambarare wanatembea kwa duara.

Ninyi wa siku hizi utani mnadhani ni kuchekeshana tu. Mume wangu alipofariki nililia mpaka sauti ikakauka, chakula hakipiti. Siku ya matanga Kibwana akaingia ndani bila hodi, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake, akakaa kwenye kiti chake, akakohoa kile kikohozi chake hasa, halafu akasema, "Mke wangu, chai iko wapi? Mtu akifa kidogo tu ndiyo hapewi chai?" Jamani! Nilicheka mbele ya wafiwa wote, nikacheka mpaka nikajishika mbavu, na baada ya hapo nikala. Koti akaondoka nalo, ni haki yake, na sikulidai. Mtu aliyenifanyia hivyo si mtu wa kumwacha afe kizembe.

Sasa njooni kwenye kazi. Nilipoanza, picha tulikuwa tunazisafisha gizani kwenye madawa, tunazianika zinadondosha maji. Aliyenifundisha ni Mzee Ludovick, mtu mkali mwenye vidole vya kahawia kwa madawa. Alikuwa na somo moja analirudia kila siku: "Ukishaiona picha, funga uso. Mgonjwa hajui kusoma filamu, anakusoma wewe." Wakati ule niliona anajidai. Siku hizi kati yenu na mgonjwa kuna kioo kipana, na mgonjwa akitolewa kwenye mashine kitu cha kwanza anachokitafuta ni sura yako. Basi lishikeni hilo.

Mashine ya CT ilipofika, na baadaye tukafundishwa kupima chokaa ya moyo, nilijiona nimezaliwa upya. Picha hii mgonjwa hachomwi sindano wala hanyweshwi kitu. Analala chali, unambandika vibandiko vya waya kifuani, mashine inausikiliza moyo na inapiga pale unapotulia kati ya pigo na pigo. Inachotafuta ni kwenye ile mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe. Mafuta yakiganda kwenye kuta za mishipa hiyo miaka na miaka, baadhi hushika chokaa, kama ule utando mweupe ndani ya birika la chai, na kwenye picha yanang'aa kama mfupa. Kompyuta inajumlisha weupe wote inakupa namba. Namba ikiwa kubwa, huyo mtu yuko karibu na shambulio la moyo kuliko wenzake wa umri wake, hata kama anaruka kamba. Haisemi lini. Haisemi atakufa. Inasema tu msimwache hivi hivi. Na sifuri nayo isiwalevye, maana yapo mafuta laini ambayo hayajapata chokaa, na picha hii haiyaoni kabisa.

Mambo madogo ndiyo yatakayowatoa jasho. Kifua chenye nywele nyingi vibandiko havishiki, kwa hiyo nyoeni, na ombeni ruhusa kwanza. Kuna mzee mmoja wa sokoni alinifukuza na wembe wangu akisema mkewe atamuuliza. Hirizi ikiwa na kipande cha bati ndani inachora michirizi picha nzima. Msimwambie mtu "vua hiyo takataka". Mpeni kitambaa safi, aifunge mwenyewe, ampe mtu wake amshikie, na atatulia. Na msimwambie mtu "usipumue". Mkimwambia hivyo moyo unaanza kumwenda mbio. Mimi nilikuwa nasema, "Vuta pumzi, ibane, kama unapita karibu na dampo." Walikuwa wanacheka kidogo, halafu wanaibana vizuri.

Kibwana aliletwa na vifo. Kaka yake alianguka shambani, akafa. Mdogo wake akaanguka msikitini akiwa anatia udhu, akafa. Mlimani huko wakasema wamechezewa, kuna mtu anaitaka ardhi ya ukoo. Mkewe, Mama Zuhura, hakutaka kusikia hadithi za ardhi. Akamburuta mumewe mpaka kwa Daktari Neema, binti mpole aliyehamia kwetu kutoka Mbeya. Daktari akampima presha, ipo juu kidogo. Akamuuliza kama kifua kinamuuma akipanda mlima. Kibwana akasema hakuna kinachomuuma isipokuwa Wanyamwezi. Ndipo akaletwa kwenye mashine yangu.

"Mpagazi, leo umepata nafasi ya kunichoma kama muhogo," akaanza kabla hajavua shati.

"Lala. Ule mguu mrefu weka upande wa ukutani."

"Ukiniua, nyumbani kwangu usipewe hata ndizi."

"Ukifa nachukua hizo raba zako za kukimbilia," nikamwambia. "Koti la mume wangu umelivaa vya kutosha."

Tukacheka wote, nikatoka nikaenda nyuma ya kioo. Mapigo yake yalikuwa ya taratibu, mazuri, ya mtu wa mazoezi. Akavuta pumzi, akaibana, mashine ikapiga. Nikafungua picha.

Mayoo! Wanangu, nilidhani nimefungua ya mtu mwingine. Nikaangalia jina. Kibwana. Nikaangalia tena. Mshipa wa mbele, ule mkubwa unaoshuka katikati ya moyo, ulikuwa mweupe kuanzia juu, mweupe, mweupe, kama mtu ameupaka. Na wa kulia hivyo hivyo. Nilikuwa nimepima vibonge, wavuta sigara, watu wa kisukari, sijawahi kuona weupe wa namna ile. Na mwenye moyo huo kalala pale anachezesha vidole vya miguu. Nilitaka kukaa, nikakikosa kiti, nikajikuta sakafuni. Mzee Ludovick na somo lake nikamsahau kabisa. Nilipoinuka nimejishika kichwa, Kibwana alikuwa ameshageuza shingo ananitazama kwenye kioo. Anacheka.

"Nimekuona," akaniambia nilipokuja kumtoa waya. "Mpaka ukakaa chini! Umeigiza vizuri, karibu nikuamini."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Siku ya kupewa majibu akagoma kuingia kwa daktari peke yake. "Bila mtani wangu sisikilizi." Daktari Neema, kwa kutujali, akaniita. Ya utani wetu alikuwa hayajui, na mimi nikaingia kichwa kichwa, nikidhani nakwenda kumtia moyo.

"Mzee wangu," daktari akamwambia, "mishipa yako ya moyo ina chokaa nyingi sana. Nataka uanze dawa leo. Na mlimani usikimbie kwa sasa, mpaka wakupime zaidi Dar."

Kibwana akamtazama daktari. Akanitazama mimi. Akamtazama daktari tena, halafu akapasuka kicheko mpaka akakohoa.

"Mmepangana! Daktari, huyu mwanamke kaniambia juzi anazitaka raba zangu. Leo naambiwa nisikimbie. Wewe huoni?"

"Mzee, huu si mzaha."

"Na wewe kakufundisha uso huo huo!"

Daktari akageuza kompyuta, akamwonyesha mshipa. Kibwana akasogea, akatazama kwa makini, akasema Mnyamwezi anaweza kupaka chokaa popote. Ile karatasi ya dawa akaikunja vizuri, akaitumbukiza kwenye mkoba wangu. "Kanywe wewe, mpagazi. Unahema sana siku hizi." Akatoka anapiga mluzi.

Picha ilikuwa safi, daktari alisema sawasawa, na kilichoharibu ni mimi kuwemo mle ndani. Angeambiwa na mtu yeyote mwingine duniani angetetemeka. Lakini miaka yote nimemwambia anakufa kesho, nimemgawia nguo zake, nimemchagulia kaburi karibu na choo. Nimwambie nini tena akaamini?

Na nilijaribu. Nilikwenda Bigwa nikamwambia kwa upole. Akasema leo utani wangu umepoa. Nikamwambia kwa ukali. Akasema umepamba moto. Nikalia machozi ya kweli barazani kwake, akanipigia makofi, akawaita na majirani waje waone. Shehe wa mtaa nikamtuma, akarudi anajizuia kucheka, kasimuliwa habari za raba. Na klabuni wimbo ukatungwa, wanaukimbilia barabarani: Mnyamwezi anataka raba, eeh, raba zangu simpi. Nilikuwa nausikia asubuhi nikiwa kitandani.

Kisha akanipigia simu Mama Zuhura.

"Wifi, nataka nikuulize kitu, lakini naomba usitie utani."

"Uliza."

"Huyu mwenzangu siku hizi tukipanda shambani, tukifika pale kwenye kona ya maji lazima asimame afunge kamba za viatu. Kila siku pale pale. Anainama, anakaa muda, halafu tunaendelea. Sikutilia maanani. Jana nikamtazama miguuni. Wifi, alikuwa amevaa yeboyebo."

Ninyi mnajua yeboyebo, zile ndala za plastiki, hazina kamba wala kifungo. Nikamuuliza kama analalamika chochote. Akasema kiungulia, ndiyo maana anatafuna tangawizi akipanda, na wakifika juu kiungulia kinaisha. Kiungulia gani hicho kinachokuja kwa mlima na kuondoka kwa mapumziko? Ule ulikuwa moyo unalilia damu, na yeye anaufichia kwenye viatu. Daktari alipomuuliza alidanganya, na sasa ile namba haikuwa tena ya kubashiri mambo ya mbele, mambo yenyewe yalikuwa yameshafika mlangoni. Na Jumamosi klabu inapanda mbio mpaka Morningside, kule juu mlimani, Kibwana mbele.

Nilimpigia daktari hapo hapo. Daktari akampigia Kibwana. Kibwana akamwambia, "Nisalimie huyo aliyekutuma," akakata.

Nilikaa nikajiuliza, mimi na huyu mtu tangu tufahamiane, ni kitu gani hatujawahi kufanyiana? Tumetukanana, tumelishana, tumezikiana. Nikagundua hatujawahi kuamkiana. Tunalingana umri, lakini kwetu hata mtu wa rika lako ukitaka kumpa uzito unampa heshima yake. Mimi Kibwana sijawahi kumpa heshima hata ya kusingiziwa.

Jumamosi alfajiri kulipopambazuka nilikuwa uwanjani wanapokusanyikia. Nimevaa kanga zangu mpya, nimejitanda. Vijana wamejaa, wananyoosha viungo. Kibwana aliponiona akapaza sauti, "Haya, mwenye kutaka raba kaja! Leo kaja kuzichukua mguuni!" Uwanja mzima ukacheka, wakageuka kunisikiliza nitajibu nini.

Nilitembea mpaka mbele yake. Nikapiga magoti kwenye changarawe, nikainamisha macho, nikaunganisha viganja kama mama alivyonifundisha kwetu. Nikasema, "Shikamoo, kaka Kibwana."

Wakaangua kicheko. Yeye pia. "Inuka, mpagazi, unachafua kanga."

"Kaka Kibwana, naomba usipande leo."

"Mtani."

"Nakuomba, kaka yangu."

Kicheko kikapungua nyuma yake, mmoja mmoja. Sikumtazama usoni. Nilikuwa natazama zile raba, na nikaona zinarudi nyuma nusu hatua.

"Mtani, nitukane."

Nikainamisha kichwa zaidi.

"Nitukane basi, Kulwa!" Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. "Sema mguu mrefu. Sema chochote!"

"Leo sina utani na wewe, kaka."

Nilipoinua uso nilimkuta amebadilika. Wanangu, nimewaona watu wakipewa majibu mabaya, lakini sijawahi kumwona mtu akitishika vile kwa kuamkiwa. Midomo ilimkauka. Alikaa chini pale pale kwenye changarawe, mbele yangu, na klabu nzima imetuzunguka.

"Kwa hiyo ile picha ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Na ulipokaa chini pale kwenye kioo?"

"Sikuigiza, kaka."

Akafumbata ngumi, akaiweka katikati ya kifua. "Pale kwenye kona ya maji huwa panakaba hapa," akasema taratibu. "Nilidhani nikiliimbia litapita."

Hakupanda. Wiki ile ile alipelekwa Dar, wakapitisha mrija mwembamba mpaka kwenye moyo, wakakuta mshipa wa mbele umebakiza upenyo mdogo mno. Wakauzibua, wakauwekea kijichuma cha kuushikilia usizibe. Daktari wa kule alimuuliza alipanga kwenda wapi na moyo huo. Akajibu Morningside, mbio. Mama Zuhura anasema daktari yule alivua miwani, akaivaa tena.

Mimi niliogopa kupiga simu. Siku ya pili yake ikaita yenyewe. "Wewe mpagazi," sauti ya Kibwana, nyembamba lakini yake, "raba zangu bado ninazo." Nilikaa kwenye korido nikalia, na baadhi yenu mlipita mkanikuta, mkadhani nimefiwa.

Ningeishia hapa. Nilikuwa nimekusudia kuishia hapa, na mngepata somo lenu mkaenda zenu. Lakini wiki iliyopita, mimi mstaafu, nilikwenda Bigwa kuwasalimia. Bodaboda ikaniacha kwenye kidaraja, nikapanda kile kijilima kwa miguu, si kirefu, mnakijua. Kibwana alikuwa barazani amekaa, amenona kidogo, ananitazama ninavyokuja. Nikajiandaa kwa tusi. Nilikuwa na langu tayari mdomoni.

Alisimama. Akashuka ngazi, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada Kulwa."

Nikacheka. "Acha ujinga, mguu mrefu."

"Dada, kutoka pale darajani mpaka hapa umesimama njia nzima unafunga kanga."

"Si imelegea."

"Haijalegea, dada. Nimeitazama."

Nikaishika kanga kiunoni. Ilikuwa imekaza, wanangu. Ilikuwa imekaza mpaka imenichora. Nikakumbuka ngazi za kanisani, ninavyofunga kanga pale. Nikakumbuka soko kuu, mlango wa juu, ninavyofunga kanga pale. Lile fundo nimelifunga na kulifungua mwaka mzima na sikuwahi kujiuliza, mimi niliyewasimulia watu wote habari ya yeboyebo.

"Nitukane, Kibwana," nikamwambia.

Hakunitukana.

Daktari Neema amenisikiliza. Kasema mtu ambaye tayari ana dalili hapimwi chokaa peke yake, nitachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha mishipa ili waone ndani. Kesho asubuhi nakuja kazini kwetu, ila naingia kwa mlango wa wagonjwa. Kibwana atanisindikiza. Nilimkataza asije amevaa koti la marehemu, nikategemea aniporomoshee matusi. Akasema, "Sawa, dada." Sawa, dada! Silali vizuri tangu hapo.

Mmoja wenu atakuwa zamu nyuma ya kioo. Vibandiko nibandike vizuri, na pumzi naijua namna ya kuibana. Ila picha ikifunguka, mwanangu, funga uso, maana nitakuwa nimeshageuza shingo nakutazama.